Sura ya Sita: Mzee wa Vita Akisema Aliona Kitu Angani, Tumwamini?

Swali ambalo watu huniuliza kuliko mengine yote ni hili: mtu aliyepigana vita, aliyenusurika risasi na kuzika wenzake, akisema aliona chombo cha ajabu angani, ana sababu gani ya kudanganya?

Nililisikia likiulizwa kwa hasira mwishoni mwa Julai 2023, kwenye kijiwe cha kahawa jirani na Soko la Majengo, Dodoma mjini. Siku chache kabla, tarehe 26 Julai, Mmarekani aitwaye David Grusch alikuwa ameketi mbele ya kamati ndogo ya Bunge la nchi yake, akaapa, kisha akasema kwamba serikali ya Marekani imeficha kwa miaka mingi mabaki ya vyombo ambavyo havikutengenezwa na binadamu. Grusch alikuwa ofisa wa ujasusi wa Jeshi la Anga, na aliwahi kutumikia Afghanistan. Dodoma ni mji wa Bunge, na watu wa pale kijiweni wanajua uzito wa kuitwa mbele ya kamati. Fundi cherehani mmoja akasema, "Mwanajeshi kaapa mbele ya Bunge. Mnataka nini tena?" Mwalimu mstaafu akamjibu kwamba kiapo hakigeuzi maneno kuwa kweli. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyenifanya niandike sura hii. Alisema: "Hata babu yangu kule Kongwa, alikuwa Vita vya Kagera, naye aliona. Ila sisi nyumbani tunamcheka."

Neno hilo la kucheka lilinikaa moyoni. Miezi miwili na ushei baadaye nilikwenda Kongwa kumwona huyo babu. Nitamfikia. Kwanza tuweke sawa mambo mawili matatu.

UFO maana yake nini?

UFO ni herufi tatu za Kiingereza zinazosimama badala ya maneno yenye maana ya kitu kinachoruka ambacho hakijatambuliwa. Basi. Herufi hizo hazisemi lolote juu ya viumbe wa sayari nyingine. Mtu akisema aliona UFO, amesema tu kwamba aliona kitu juu na hakukijua. Mimi nimeona vingi vya namna hiyo, na wewe pia, hasa kama umewahi kulala nje kiangazi huku Ugogo, pale kuanzia Juni mpaka Oktoba ambapo mawingu huadimika na nyota hujaa mpaka ukingoni mwa mbuga.

Matatizo huanza tunaporuka kutoka "sikukitambua" hadi "ni wageni kutoka sayari nyingine". Hapo katikati kuna mto mpana, na wengi huuvuka bila kujua kwamba wameuvuka. Ndiyo maana katika habari yoyote ya aina hii nawasihi wasomaji watenganishe vitu viwili: kile mtu alichokiona, na jina alilokipa. Cha kwanza ni ushahidi wake. Cha pili ni tafsiri yake. Unaweza kumwamini kabisa kwa cha kwanza na bado ukakataa cha pili bila kumvunjia heshima.

Aliyeona na aliyeambiwa

Siku ileile aliyotoa ushahidi Grusch, karibu naye alikaa mwanajeshi mwingine mstaafu, David Fravor, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita za Jeshi la Majini. Pale kijiweni hakuna aliyemtaja, ingawa kwangu mimi yeye ndiye shahidi mwenye uzito zaidi.

Fravor alieleza jambo lililompata yeye mwenyewe. Tarehe 14 Novemba 2004, akiruka kutoka manowari ya kubebea ndege iitwayo Nimitz, nje ya pwani ya kusini ya California, aliona kitu cheupe, laini, kisicho na mabawa, umbo lake kama kidonge kirefu, kikienda huku na huku juu ya maji. Palikuwa na ndege mbili na watu wanne. Kuna tarehe, mahali, na wenzake wa kuulizwa.

Grusch kwa upande wake alisema kwamba katika miaka minne alizungumza na watu zaidi ya 40 waliomweleza habari za vyombo hivyo. Vyombo vyenyewe hakuviona. Mahakamani kwetu tunauita huo ushahidi wa kusikia: shahidi anasimulia aliyoambiwa na mtu mwingine, na huyo mwingine hayupo kizimbani kuulizwa maswali. Grusch anaweza kuwa mkweli kupindukia, na waliomweleza wakawa wamekosea, au wamemficha ukweli, au nao walisikia kwa wengine. Machi 2024 ofisi maalumu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza matukio ya aina hii ilitoa ripoti na kusema haikupata uthibitisho wowote kwamba nchi hiyo ina chombo cha namna hiyo.

Kwa ufupi: kabla ya kuuliza kama mzee ni mkweli, uliza kama aliona au aliambiwa. Swali hilo moja hupunguza nusu ya ubishi.

Nishani inathibitisha nini?

Tunawaheshimu waliopigana, na tunafanya vyema. Tarehe 25 Julai kila mwaka taifa zima husimama kuwakumbuka mashujaa. Lakini heshima hiyo ina mahali pake. Nishani inathibitisha kwamba mtu alikuwepo, alitii amri, alivumilia njaa na baridi, hakukimbia. Haithibitishi kwamba anaweza kupima umbali wa taa gizani, wala kwamba anajua kila kitu kinachopita angani.

Hapo Kongwa penyewe pana funzo la jambo hili. Mwaka 1946 Waingereza walimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kutazama kama nchi hii inafaa kwa mashamba makubwa ya karanga. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na ripoti ya kusisimua: ekari zaidi ya milioni tatu zingeweza kulimwa, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Walikuja wanajeshi wengi waliokuwa wametoka kwenye Vita Kuu ya Pili, wamezoea nidhamu na mitambo. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo ule, mvua ikikatika, ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji na kuvunja majembe. Mvua haikutosha. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Mkulima yeyote wa Kigogo angewaeleza habari ya udongo ule na mvua ile, lau wangemuuliza na kumsikiliza.

Wakefield hakuwa mwongo, wala wale wanajeshi hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wa heshima waliokosea, na heshima yao ndiyo iliyofanya kosa lisionekane mapema. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naona jambo hilohilo likirudiwa kila siku: tunasikiliza cheo badala ya kusikiliza maelezo.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa Philip Corso, luteni kanali wa Marekani aliyetumikia Vita Kuu ya Pili na kisha Korea. Mwaka 1997 alitoa kitabu akidai kwamba chipu za kompyuta, miale ya leza na nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano zilitokana na chombo cha wageni kilichoanguka karibu na mji wa Roswell mwaka 1947. Rekodi yake ya vita ilikuwa ya kweli. Ila chipu na leza zina historia inayojulikana, hatua kwa hatua, na waliozitengeneza wanajulikana: Jack Kilby alionyesha chipu yake mwaka 1958, na Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza mwaka 1960. Seneta Strom Thurmond, aliyekuwa ameandika dibaji ya kitabu hicho, aliomba iondolewe alipojua kilichokuwamo ndani.

Alfajiri ya barabara ya Masaka

Sasa twende kwa mzee.

Nilifika kwake Oktoba 2023, jioni. Nyumba ya matofali ya kuchoma, zizi la mbuzi nyuma, na mbuyu mkubwa upande wa mashariki wa uwanja. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitika na kunionyesha kigoda. Sitalitaja jina lake. Yule mjukuu wa bodaboda ndiye aliyenipeleka, na binti wa mzee aliketi nasi akichambua mlenda.

Nilimwomba aanze kwa vita, si kwa ile taa. Alikuwa kijana wa miaka 21 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipovamia mkoa wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Akaitwa pamoja na mgambo wengine, wakafunzwa haraka, wakapelekwa mpakani. Alikuwepo baada ya Mutukula, mpakani upande wa Uganda, kuchukuliwa Januari 1979, na alikuwa kwenye safari ya kuelekea Masaka, mji ulioangukia mikononi mwa majeshi yetu mwishoni mwa Februari. Majina ya vijiji aliyachanganya kidogo, lakini mpangilio wa matukio aliushika vizuri.

Kisha nikamwuliza kuhusu ile taa. Maneno yake niliyaandika papo hapo:

"Tulikuwa njiani, alfajiri, kama saa kumi na moja hivi. Giza bado. Mkono wa kulia nikaona taa. Kubwa, nyeupe, haina mlio. Nikamgusa mwenzangu, naye akaiona. Tukidhani ni ndege ya Amin, tukalala chini. Haikupiga. Tukainuka, tukatembea, nayo ikawa inatembea. Tukisimama, inasimama. Ilitufuata mpaka kulipoanza kupambazuka, ikawa inafifia, inafifia, ikaisha. Na kabla ya hapo ilidondosha kitaa kidogo, kikashuka kikazimika."

Nikamwuliza walikuwa wanaelekea wapi. "Kaskazini. Masaka." Basi mkono wa kulia ulikuwa mashariki.

Msomaji anayejua nyota ameshaanza kukisia. Kuna sayari iitwayo Zuhura, ambayo wengi tunaiita nyota ya alfajiri au nyota ya jioni kulingana na inapoonekana. Baada ya jua na mwezi, hakuna kinachong'aa angani kuliko hiyo. Wakati mwingine huonekana magharibi jua likizama, wakati mwingine mashariki kabla halijachomoza. Mwendo wake unajulikana kwa hesabu, kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyuma na kujua ilikuwa wapi tarehe yoyote. Mwanzoni mwa Novemba 1978 Zuhura ilipita kati ya dunia na jua, na kuanzia hapo ikahamia upande wa alfajiri. Februari 1979, mtu aliyekuwa kwenye barabara ya Mutukula kwenda Masaka angeiona ikichomoza mashariki saa tatu hivi kabla ya jua, ikiwaka peke yake juu ya giza la nchi iliyozimwa taa zote kwa sababu ya vita.

Nilimweleza hivyo taratibu. Hakufurahi. "Mwanangu," akasema, "mimi nimechunga ng'ombe tangu nina miaka sita. Nyota naijua. Kilimia nakijua, na hiyo ya alfajiri naijua."

Hoja yake ilikuwa nzito, na sikuwa na haki ya kuipuuza. Wachungaji na wakulima wa nchi hii wamekuwa wakipanga kazi zao kwa kundi la nyota la Kilimia tangu zamani. Nikamwomba tu kitu kimoja: tuamke pamoja saa kumi na moja.

Bahati ilikuwa upande wetu, kwa kuwa Oktoba ile Zuhura ilikuwa tena nyota ya alfajiri. Tulitoka, yeye na shuka lake mabegani. Ilikuwa juu ya mbuyu, nyeupe, kubwa. Mzee akasimama akiitazama muda mrefu.

"Inafanana," akasema. "Lakini ile ilikuwa inatembea."

Nikamwomba tutembee, tukipita kando ya ua wa miba, macho kwenye matawi ya mbuyu. Tukienda, ile nyota ikapita tawi moja, ikapita la pili, ikapita la tatu. Tukisimama, ikasimama. Kitu kilicho mbali sana hakibadiliki mahali kwa hatua zako, ila miti iliyo karibu hubaki nyuma. Ndipo jicho likaona kama kile cha mbali kinakwenda nawe. Mtoto yeyote aliyepanda basi usiku anajua kwamba mwezi humfuata. Mzee akarudi hatua kumi, akaja tena hatua kumi, peke yake, bila kuniambia kitu. Kisha akasema, "Hapo sawa. Na kile kidogo kilichodondoka?"

Cha kumjibu sikuwa nacho. Kimondo kingeweza kushuka hivyo. Pia katika vita hutumika risasi za mwanga, yaani zile zinazorushwa juu na kuangaza uwanja kwa muda kabla ya kuzimika. Hilo la kitaa kidogo tumeliacha lilivyo.

Kwa nini mtu anayejua nyota akosee nyota?

Kwa sababu usiku ule hakuwa mchungaji. Alikuwa kijana wa miaka 21 katika nchi ya wenyewe, hajalala vizuri kwa siku nyingi, anaamini kwamba chochote kinachowaka juu kinaweza kumuua. Akili ya mtu aliye lindo hutafuta hatari, na ndivyo inavyomwokoa. Askari anayedhani kichaka ni adui ataishi kuliko yule anayedhani adui ni kichaka. Tena, ukikodolea macho nukta moja ya mwanga gizani, pasipo kitu cha kuilinganisha, macho yenyewe huifanya icheze. Marubani waliopigana usiku Ulaya mwaka 1944 waliripoti mipira ya mwanga ikifuata ndege zao, na hao walikuwa watu waliofunzwa hasa kutazama.

Halafu kuna kumbukumbu. Wengi tunaidhania kuwa kama picha iliyotunzwa kwenye albamu: ukiifungua ni ileile. Ukweli ni kwamba kila unaposimulia tukio unalijenga upya, na ukishalisimulia, ile simulizi ndiyo unayoikumbuka mara ijayo. Jaribu kuwauliza ndugu watatu habari ya msiba wa miaka kumi iliyopita: nani alifika wa kwanza, mvua ilinyesha siku ya kuzika au siku ya matanga. Utapata misiba mitatu, na hakuna hata mmoja anayedanganya.

Jimmy Carter, kabla hajawa rais wa Marekani, alikuwa ofisa wa Jeshi la Majini kwenye nyambizi. Aliona taa angani katika mji mdogo wa Leary, jimboni Georgia, akiwa anasubiri kuhutubia mkutano wa klabu ya Lions. Mwaka 1973 alijaza fomu na kuandika kwamba ilikuwa Oktoba 1969. Baadaye mtafiti alipofukua kumbukumbu za klabu hiyo alikuta mkutano ulifanyika tarehe 6 Januari 1969. Mtu makini alikosea miezi tisa ndani ya miaka minne. Tarehe ilipopatikana, ndipo ikawezekana kuchunguza anga ya jioni ile: Zuhura ilikuwa magharibi, upande aliouelekeza. Wengine wamesema ilikuwa wingu la kemikali lililoachwa na roketi ya utafiti. Carter mwenyewe hakuwahi kudai kwamba aliona wageni; alisema aliona kitu ambacho hakukijua.

Kwa ufupi: ujasiri haunoi macho gizani, na ukweli wa moyo haulindi tarehe. Ndiyo maana karatasi ya siku ile, hata iwe daftari la mahudhurio, ina thamani kuliko viapo kumi vya baadaye.

Wale waliochekwa na kumbe walikuwa sahihi

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu ni Zuhura. Anayejibu kila habari kwa neno moja naye hajasikiliza.

Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kirefu kama mita 226, chenye umbo la sigara na kilichojaa gesi, kilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria. Kiliitwa L59, kikiwa na watu 22 na shehena ya dawa na risasi. Kilikuwa kinakuja huku kwetu, kwa jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akipigana na Waingereza kusini mwa nchi. Kilivuka bahari na jangwa, na usiku wa kuamkia tarehe 23 kikiwa Sudan kikaitwa kirudi. Kilitua kilikotoka baada ya saa 95 angani. Sasa mfikirie mtu wa jangwani aliyetoka nje usiku ule na kuona kivuli kikubwa kuliko kijiji chake kikipita mbele ya nyota. Angesimulia wapi akaaminiwa? Naye angekuwa amesema kweli tupu.

Serikali nazo zimechangia kuharibu imani. Julai 1947, kule Roswell, jeshi lilitangaza limepata kisahani kinachoruka, kisha upesi likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 ndipo Jeshi la Anga lilipoeleza kwamba yalikuwa maputo ya mradi wa siri uitwao Mogul, wa kusikilizia milipuko ya nyuklia ya Wasovieti. Uongo ulikuwepo, ila haukuwa ule ambao watu waliudhania. Ukishadanganywa mara moja, ni haki yako kuuliza mara ya pili.

Na yapo ambayo hayajajibiwa. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa ilipita jirani na Kilimanjaro. Rubani Jack Bicknell, ofisa wake wa redio na abiria waliripoti kitu kirefu chenye umbo la risasi kimetulia juu karibu na mlima. Walisema kilikaa hivyo kwa zaidi ya robo saa, kisha kikapanda na kwenda zake. Juu ya milima mirefu hutokea mawingu yenye umbo la dengu ambayo hukaa mahali pamoja muda mrefu, na hilo lingeeleza ule utulivu. Kupanda kwake lisingekueleza. Mimi habari hii naiweka kwenye rafu ya yasiyotambuliwa, na sioni aibu kuiacha hapo.

Jambo moja linaniudhi, na nitalisema waziwazi. Kuna watu wanaoeneza picha za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, wakisema wale watu wembamba wenye vichwa vya ajabu ni wageni wa kutoka angani. Michoro ile, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo tangu 2006 ni Urithi wa Dunia, ilichorwa na watu. Wasandawe, majirani wa maeneo hayo, bado wana ngoma ya simbo ambamo mchezaji hupandwa na kuwa kama simba, na wataalamu wengi wanaona humo njia ya kuielewa michoro. Anayekimbilia sayari nyingine kabla hajamuuliza mzee wa Kisandawe anafanya kosa la Wakefield.

Namna ya kumuuliza

Ukiwa na mzee wako mwenye habari ya namna hii, usianze na "una uhakika?" Neno hilo linamfunga mdomo. Mimi huuliza hivi, kwa mpangilio huu:

- Mlikuwa wapi, na mlikuwa mnaelekea wapi? Mwelekeo wa barabara hutoa mwelekeo wa kitu.
- Ilikuwa mwezi gani, na saa ngapi? Kama hakumbuki tarehe, tafuta tukio: kabla ya mji gani kuanguka, baada ya nani kufa.
- Mwezi ulikuwepo? Mawingu je?
- Ilidumu muda gani: kukohoa mara moja, kuvuta sigara nzima, kula ugali?
- Ilikuwa juu kiasi gani? Mwambie anyooshe mkono aonyeshe.
- Nani mwingine aliiona, na mlizungumza nini papo hapo?
- Ulimweleza nani mara ya kwanza, na lini?

Andika majibu kama alivyoyasema, na makosa yake. Usimsaidie maneno. Usimtajie Zuhura wala wageni mpaka amalize, kwa sababu ukishataja, kumbukumbu yake haitakuwa yake tena.

Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, alishafika miaka 64 mwaka 2023. Wale wa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili, karibu wote wameshaondoka, na mengi waliyoyaona yameondoka nao, kwa sababu waliporudi hapakuwa na mtu aliyewauliza vizuri. Nakuomba, wewe mwenye mzee wa Kagera nyumbani, umkalie karibu mwezi huu. Mpe kigoda chake, washa taa, chukua daftari.

Binti wa yule mzee wa Kongwa ameshaanza. Asubuhi ileile tuliyoitazama Zuhura, kabla sijaondoka, alileta daftari la shule la mwanawe na kuandika huku baba yake akisema. Mstari wa kwanza unasomeka: "Februari 1979, barabara ya Mutukula kwenda Masaka, saa kumi na moja alfajiri, mkono wa kulia."